Mahabusu akiwa na malalamiko gerezani anayapeleka wapi, na yanafanyiwa kazi kweli?

MamaIlham_Nkuhungu

Mbukwenyi wakuu, poleni na upepo wa Dodoma. Naomba mwenye uzoefu anisaidie, utani tuuweke pembeni kidogo.

Mdogo wangu wa kiume, ndo kitinda mimba wetu, yuko mahabusu tangu mwezi wa nne. Kesi yenyewe siiongelei, iko mahakamani na itaisha huko huko. Gereza ni la huku huku kanda ya kati, jina silitaji na msinilazimishe. Shida yangu mimi ni kwamba huyu mtoto ana pumu toka mdogo, na mnaijua Dodoma kiangazi, mchana vumbi usiku baridi, sasa mle ndani wanalala wengi selo moja na mablanketi yale, usiku anabanwa kifua mpaka wenzake wanagonga mlango. Nilipeleka inhela mbili, ya bluu ya kufungua kifua kikibana na ya kahawia ya kuzuia kisibane, zikapokelewa getini nikaambiwa zitamfikia. Nimeenda siku ya kuona ndugu ananiambia hajaziona. Kamwambia nyampara, yule mfungwa anayesimamia wenzake selo, nyampara kasema subiri. Kamwambia askari wa zamu, kajibiwa hapa sio kwa mama yako. Toka siku hiyo anaitwa "mzee wa malalamiko" na ndoo za haja za usiku kila asubuhi anabeba yeye.

Sasa mama anataka niende nikawake pale getini, mimi naogopa nikiwaka mimi atakayeungua ni yeye kwa sababu mimi narudi nyumbani yeye anabaki nao. Hivi kuna utaratibu wowote wa malalamiko wa mtu aliyeko ndani, unaoeleweka? Anaandika wapi, nani anasoma, na mimi ndugu wa nje naweza kulalamika kwa niaba yake au mpaka aandike mwenyewe? Na kuna mtu alishawahi kulalamika jambo likafanyiwa kazi bila mtu wake kuandamwa?

Dogo_Sabasaba

Ni Isanga nini? Kama ni Isanga si kuna hospitali kabisa mle, ile ya Mirembe, mbona rahisi.

Na kuhusu malalamiko dada angu, unamlalamikia askari kwa bosi wa askari, kesi ya nyani hakimu ngedere. Ombea msamaha wa Rais tu tarehe 9 Disemba atoke.

Kigogo_wa_Makole

@Dogo_Sabasaba punguza kasi basi, umekosea mara mbili kwenye posti moja. Gereza Kuu Isanga ni kitu kingine na Taasisi ya Isanga ni kitu kingine. Ile taasisi iko chini ya Mirembe, ni ya afya ya akili, ndo wanapelekwa wale ambao mahakama imetaka wapimwe akili kabla kesi haijaendelea au walioonekana walitenda wakiwa hawako sawa. Mgonjwa wa pumu hapelekwi huko.

Na msamaha wa Rais ni wa mtu ambaye ameshahukumiwa, Katiba ibara ya 45 inaongelea mtu aliyepatikana na hatia. Hata ile ya 2017 pale uwanja wa Jamhuri, Magufuli alivyotangaza wafungwa 8,157 kila mtu akabaki anaongelea Babu Seya tu, wale wote walikuwa wafungwa. Mahabusu hana cha kusamehewa maana bado hajatiwa hatiani, yeye anatoka kwa dhamana, au kesi kufutwa, au kuachiwa na mahakama.

Dada pole, subiri wanaojua waje.

Jembe_la_Manyoni

Dada pole sana. Mimi nimekaa lupango, mahabusu kwanza halafu nikavaa sare ya chungwa ya wafungwa, wapi na kwa nini niachie mwenyewe. Nitakwambia malalamiko yanavyotembea mle kama nilivyoyaona, wengine wanaweza kuwa wameona tofauti maana kila gereza linakuwa na tabia ya mkuu wake.

Asubuhi mkishafunguliwa mnachuchumaa mistari mnahesabiwa, baada ya hapo afande mkubwa akipita huwa anauliza wenye shida. Kwa maneno hayo peke yake mlango upo, kila siku. Ila mwenye shida hasimami hivi hivi. Nyampara anajua toka jana usiku nani anataka kusema nini na ndo anayekuchuja, kama shida yako inamgusa yeye au askari anayempa sigara hutasimama, utaambiwa hiyo tutaimaliza selo. Ukisimama kwa nguvu unasikilizwa vizuri tu, mkuu anasema sawa andika jina lake, unarudi umekaa, na mkuu akishaondoka unabaki na nyampara. Kwa hiyo mtu anajifunza kulalamikia vitu visivyo na mwenyewe. Chakula hakina chumvi, maji hayajatoka, nakala ya hukumu haijaja. Vitu vyenye jina la mtu vinabaki tumboni.

Kwa mfungwa kuna na hofu nyingine ambayo mahabusu hana. Mfungwa ana theluthi yake ya msamaha kwenye kifungo, umefungwa miaka mitatu ukikaa kwa adabu unatoka na miwili. Sasa ukiandikwa kosa la nidhamu wanaweza kukukata siku kwenye ile theluthi. Hakuna anayekwambia ukilalamika tutakukata, ila kila mtu mle anaijua hesabu yake kwa kichwa na hakuna anayetaka kuichezea kwa ajili ya blanketi.

Halafu wageni wakubwa. Akija jaji au mheshimiwa yeyote mnajua siku mbili kabla, chokaa inapigwa, mboga inabadilika, na wale wenye midomo mirefu wanakumbuka kuwekwa gengi la shamba la mbali siku hiyo. Mgeni anauliza kuna mwenye malalamiko, maafande wote wamesimama nyuma yake wanakuangalia. Utasema nini hapo? Mimi nilimuona mzee mmoja tu aliyesema, alikuwa na kesi ya kunyongwa kwa hiyo hakuwa na la kupoteza, na kweli alilosema lilifanyiwa kazi wiki hiyo hiyo. Alisema kitu kimoja, choo cha selo namba fulani kimeziba toka pasaka, akakaa. Wenzake walikuwa wanahutubia, haki za binadamu, sisi pia ni watoto wa nchi hii, yule mgeni akaitikia kwa kichwa akaenda zake.

Kuhusu mdogo wako, asiendelee kusema na nyampara. Kila akisema na nyampara ndoo zinaongezeka.

afande_mstaafu

Nimesoma yote. Nimelitumikia Jeshi la Magereza mpaka nikastaafu kwa heshima kwa hiyo niruhusuni niseme upande wa pili, na sitatetea ujinga.

Binti, kuhusu dawa. Dawa kutoka nje haziingii selo, hiyo ni kweli na sababu zipo. Vidonge vinauzwa ndani, na madawa mengine yanaingizwa kwa kisingizio cha dawa. Utaratibu ni dawa ipokelewe, iandikwe, iende zahanati ya gereza, mganga ndiye ampe mgonjwa. Kwa dawa ya presha asubuhi na jioni hilo linafanya kazi. Kwa inhela ya bluu halifanyi kazi, kwa sababu kifua hakibani saa za zahanati. Na usiku selo haifunguliwi na askari mmoja aliyeko lindo, mpaka aite mkubwa mwenye mamlaka aje na wenzake, hiyo ni usalama, hata wewe ungekuwa mkuu wa gereza usingekubali vinginevyo. Hapo katikati mtu anaweza kufa na kila askari akawa amefuata utaratibu.

Kwa hiyo yawezekana kabisa inhela zako ziko kabatini zahanati zimeandikwa vizuri na mgonjwa hajui. Au yawezekana ziliishia kwenye droo ya getini, nayo hutokea. Usianze kwa kumshutumu mtu wizi hujui ziliko.

Mimi nilipokuwa ofisini malalamiko mengi niliyopokea hayakuwa ya kwetu hata kidogo. Mahabusu analalamika upelelezi haujakamilika, huo ni wa polisi na mashtaka. Mfungwa analalamika nakala ya hukumu, hiyo ni ya mahakama. Mgonjwa anatakiwa hospitali ya rufaa, gari halina mafuta au askari wa kusindikiza wako mahakamani wote na karandinga. Unaandika barua, unapiga simu, unarudi kumwambia mtu vumilia, yeye anaona umemdharau. Sisemi hakuna askari mbaya, wapo, ila kosa linalofanyika sana ni kupeleka lalamiko kwa mtu ambaye hata akitaka hawezi kulimaliza. Askari wa zamu hawezi kuruhusu kitu chochote kiingie selo, akiruhusu anashtakiwa yeye. Ndiyo maana alimjibu vile, ingawa kauli ile ni ya hovyo na haifundishwi chuoni Kiwira wala popote.

Anayeweza ni Mkuu wa Gereza, kwa ushauri wa mganga. Basi. Usiende na lalamiko, nenda na ombi. Omba kwa maandishi kwamba mganga wa gereza amwone, na kwamba akithibitisha, mgonjwa aruhusiwe kulala na inhela ya bluu mkononi. Ambatanisha daftari lake la kliniki au barua ya daktari, sio maneno. Barua ipeleke ofisi ya Mkuu wa Gereza siku ya kazi asubuhi, sio getini siku ya kuona ndugu ambapo kuna watu mia na kila mtu ana mfuko wa sabuni. Uwe na nakala, wagonge mhuri wa kupokea kwenye nakala yako na tarehe. Ile nakala yenye mhuri itakufanya uheshimiwe kuliko kelele. Ikipita muda wa kutosha kimya, unaandika kwa Mkuu wa Magereza wa Mkoa ukiambatanisha hiyo hiyo, na juu yake ni Makao Makuu ambayo siku hizi yako hapo hapo kwenu Msalato, hata nauli ya basi huhitaji, ni bodaboda.

Jembe_la_Manyoni

Afande heshima yako, ila hapo kwenye "hata akitaka hawezi" umesema kistaarabu sana. Ndoo je? Ndoo nani hawezi?

afande_mstaafu

Ndoo ni uonevu wa nyampara na askari aliyefumba macho. Nyampara kisheria hana mamlaka ya kumwadhibu mtu, ni mfungwa kama mwingine amepewa usimamizi. Hilo mwambie mkuu wa gereza kwa mdomo, ana kwa ana, baada ya barua ya dawa kupokelewa. Usiyachanganye kwenye karatasi moja. Ukichanganya, atajibu la ndoo kwa kukanusha na la dawa litasahaulika.

WakiliWaKijiweni

Afande amesema vizuri njia ya ndani, mimi niongeze za nje maana za ndani peke yake zina ile shida ya Jembe, unayemlalamikia ndo anapokea.

Kwanza kabisa, dada, umeuliza kama wewe unaweza kulalamika. Ndiyo. Kuna kanuni za Umoja wa Mataifa za kima cha chini za kuwatunza wafungwa, zinaitwa Kanuni za Mandela, zilipitishwa na Baraza Kuu Disemba 2015. Kanuni ya 56 inasema mfungwa apate nafasi kila siku ya kupeleka ombi au lalamiko kwa mkuu wa gereza, aweze kuongea na mkaguzi kwa uhuru bila mkuu wala askari kuwepo, na kama yeye wala wakili wake hawezi basi ndugu au mtu yeyote anayelijua jambo anaweza kufanya hivyo kwa niaba. Ya 57 inasema lalamiko lijibiwe haraka na aliyelalamika asilipiziwe. Sio sheria ya Bunge letu hizo, ukimsomea askari getini atakucheka, ila ukizitaja kwenye barua inayokwenda juu zina uzito. Kanuni ya 118 nayo inamhusu mdogo wako moja kwa moja kwa kuwa hajahukumiwa, mahabusu anaweza kuomba daktari wake mwenyewe aje kumtibu kama kuna sababu ya msingi na mna uwezo wa kulipa. Ya kwetu wenyewe ni Katiba ibara ya 13(6)(e), marufuku mtu kuteswa au kupewa adhabu za kinyama au kutwezwa. Na kwenye ibara hiyo hiyo (b), asichukuliwe kuwa na hatia mpaka ithibitike.

Sasa njia ambayo watu wanaisahau kuliko zote ni hakimu. Mdogo wako anapelekwa mahakamani kila baada ya wiki mbili, si ndiyo? Watu wanadhani ile siku ni ya kusikia "upelelezi bado" na kurudi kwenye karandinga. Pale ndo mahali pekee anaposimama mbele ya mtu ambaye sio wa magereza, kwenye mahakama ya wazi, na anachosema kinaandikwa. Anyooshe mkono aseme, mheshimiwa nina pumu, dawa zangu zilipelekwa gerezani tarehe fulani sijapewa, naomba mahakama iamuru nitibiwe. Sentensi mbili. Hakimu akiandika kwenye mwenendo na kutoa maelekezo, tarehe inayofuata ataulizwa wa magereza limefikia wapi. Nimeona malalamiko ya miezi yakiisha kwa siku moja kwa njia hiyo, kwa sababu ghafla kuna mtu wa nje anauliza. Kama ana wakili, aseme wakili. Kama hana, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawagusa na watu walioko kizuizini, na ile kampeni ya Mama Samia iliyozinduliwa hapa Dodoma 2023 imekuwa ikiingia mpaka magerezani, ulizia ofisi ya mkoa lini wanapita.

Halafu kuna Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, nayo siku hizi iko Dodoma kwa hiyo huna kisingizio. Ilianza 2001 ikachukua nafasi ya ile Tume ya Kudumu ya Uchunguzi ya zamani. Sheria yake inaipa nguvu ya kutembelea magereza, na kuna kitu ndani yake wengi hawakijui, mtu aliye kizuizini akiandika barua kwenda kwa Tume inatakiwa ipelekwe bila kufunguliwa. Barua nyingine zote za gerezani zinasomwa. Hiyo ya Tume haitakiwi kusomwa. Kama inafuatwa kila mahali mimi sijui nanyi mnacheka, ila wewe wa nje unaweza kwenda mwenyewe ofisini kwao ukajaza malalamiko kwa niaba yake na hakuna bahasha ya kufunguliwa.

Angalizo. Tume haigusi jambo lililoko mahakamani. Ukienda ukaanza kusimulia kesi, mdogo wangu kasingiziwa, mlalamikaji ana undugu na mpelelezi, watakwambia hiyo ni ya mahakama na watakuwa sahihi. Ongelea kifua na inhela tu.

Dogo_Sabasaba

Wakili hiyo tume si inatoa mapendekezo tu? Mapendekezo tunayo mengi nchi hii. Hata ile tume ya Jaji Chande ya haki jinai ilikabidhi ripoti 2023 mbele ya Mama, mpaka leo mdogo wake dada anabeba ndoo.

WakiliWaKijiweni

Ni kweli inatoa mapendekezo, wasipoyafuata Tume inaweza kwenda mahakamani, njia ndefu. Mimi siitumii kwa ajili ya mwisho wake, naitumia kwa ajili ya mwanzo. Ile barua ya "tumepokea malalamiko, tunaomba maelezo yenu" ikifika mezani kwa mkuu wa gereza lazima mtu akae aandike majibu, na ili aandike majibu lazima aulize inhela ziko wapi. Mara nyingi zinaonekana siku hiyo.

Kuna watu wa magereza yetu walikuwa wanaandika mpaka Mahakama ya Afrika pale Arusha, wakiwa ndani, kwa mkono, na wengine walishinda. Mlango huo kwa mtu binafsi Tanzania iliufunga, tamko lilifutwa Novemba 2019 na likaisha nguvu mwaka uliofuata. Kwa hiyo msije mkamdanganya dada aende Arusha.

Kigogo_wa_Makole

Mimi niulize kitu kidogo, na hela je? Maana bamdogo wangu kila tukienda kumuona tunaambiwa kuna ya maji, kuna ya soda ya afande, ndo chakula kiingie. Hiyo nayo unaandikia ombi kwa mhuri?

WakiliWaKijiweni

Hiyo ni rushwa, sio lalamiko la huduma. TAKUKURU 113, bure, na huhitaji kutaja jina lako. Na huo mfumo wa serikali wa e-Mrejesho unaweza kuingia kwa simu ukaandika, nimeona taasisi zikijibu humo kuliko zinavyojibu barua, kwa sababu wanaona lalamiko limekaa siku ngapi.

MamaIlham_Nkuhungu

Jamani asanteni, nimesoma nikalia kidogo halafu nikapata nguvu. Sijaenda kuwaka. Nimeenda hospitali ya General, kliniki yake ya zamani, daktari kaandika barua nzuri kwamba ni mgonjwa wa pumu wa muda mrefu na ile ya bluu anatakiwa awe nayo muda wote. Nimejaribu kuandika barua ya afande, naiweka hapa mniambie, majina nimeyatoa:

*YAH: OMBI LA MAHABUSU (jina, namba ya kesi) KUONWA NA MGANGA NA KURUHUSIWA KUKAA NA INHELA*

*Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni dada wa mtajwa. Mtajwa ni mgonjwa wa pumu tangu utotoni kama barua ya daktari iliyoambatanishwa inavyoeleza. Tarehe (…) nilikabidhi getini inhela mbili, moja ya bluu na moja ya kahawia. Mpaka tarehe ya barua hii mtajwa anasema hazijamfikia, na usiku hubanwa kifua. Naomba (a) aonwe na mganga wa gereza, (b) mganga akithibitisha, aruhusiwe kukaa na inhela ya bluu selo wakati wa usiku. Niko tayari kuleta nyingine endapo za awali hazionekani. Namba yangu ya simu ni (…).*

Nimeacha ya ndoo kama afande alivyosema. Ila kuna kitu nimesita, hapo kwenye "hazijamfikia", si ndo nitakuwa nimemchoma mdogo wangu kwamba kanisimulia?

afande_mstaafu

Barua ni nzuri kuliko nyingi nilizopokea kutoka kwa mawakili. Ondoa "mtajwa anasema". Andika "sijapata uthibitisho kuwa zimemfikia". Hapo anayelalamika ni wewe uliyekabidhi mali getini ukakosa risiti, sio yeye. Na (b) badilisha, usiseme "wakati wa usiku", sema "muda wote", daktari wako ndivyo alivyoandika, na karandinga nalo lina vumbi.

Ukishagongewa mhuri omba kumuona mkuu mwenyewe dakika tano. Wakikwambia yuko kikao, kaa. Vaa vizuri, msalimie, mwite afande, usikae mpaka akukaribishe. Utaona.

Jembe_la_Manyoni

Na mdogo wako mwambie kabla, asije kuitwa ghafla kwa mkuu akakana kila kitu kwa hofu. Nimeona hiyo. Ndugu wa nje wamepambana, mtu anaitwa anaulizwa una shida yoyote, anajibu sina afande. Lalamiko limefungwa. Mwambie akiulizwa aseme tu, ndiyo afande naumwa pumu, naomba inhela. Asimtaje mtu.

WakiliWaKijiweni

Nakubali na wote wawili. Na fotokopi ya hiyo barua yenye mhuri mpe siku ya mahakama, au umpe karani wa hakimu kabla kesi haijaitwa ukiweza. Akinyoosha mkono awe na karatasi.

Binti_Kondoa

Naomba nidandie uzi huu huu samahani. Baba yangu yeye ni mfungwa tayari, hukumu imesomwa mwaka jana mahakama ya wilaya, mpaka leo nakala ya hukumu hajapata na anasema muda wa rufaa umeisha. Kila mkuu akipita anasimama kuuliza nakala, anaambiwa imeandikiwa barua.

WakiliWaKijiweni

@Binti_Kondoa hilo ndo lalamiko namba moja la magereza yote, afande kashalisema, na magereza hapo kweli ni tarishi tu. Muulize kwanza kama alitoa notisi ya kukata rufaa ndani ya siku 10 toka hukumu, kwa kawaida wafungwa wanaijaza gerezani siku za mwanzo mwanzo na mkuu wa gereza anaipeleka mahakamani. Kama aliitoa yuko pazuri. Rufaa yenyewe kwenda Mahakama Kuu ni siku 45, lakini muda anaosubiri nakala za hukumu na mwenendo hauhesabiwi, kwa hiyo asikubali mtu amwambie imekwisha. Kama hakutoa notisi, anaomba Mahakama Kuu imuongezee muda, sababu ya kuwa ndani na kukosa nakala huwa inasikilizwa.

Wewe usisubiri gereza. Nenda masijala ya hiyo mahakama na jina na namba ya kesi, omba nakala kwa barua, nakala yako igongwe mhuri. Ukizungushwa, muone Hakimu Mfawidhi. Majaji nao wakipita magerezani swali hilo wanalipenda kwa sababu liko kwenye uwezo wao, kwa hiyo baba asichoke kusimama, ila siku hiyo asiseme "sijapata nakala", aseme namba ya kesi na tarehe ya hukumu ili aliyebeba kalamu awe na cha kuandika.

Binti_Kondoa

Namba ya kesi hatuna, karatasi zote alibaki nazo wakili aliyekimbia.

afande_mstaafu

Iko kwenye hati ya kifungo gerezani. Aombe ofisi ya kumbukumbu wamsomee, au wewe uulize ukienda kumuona. Hiyo hawakukatalii.

MamaIlham_Nkuhungu

Wakuu nimegongewa mhuri leo. Mkuu wa gereza hakuwepo, nimeonana na msaidizi wake, mama mmoja mstaarabu, kaita zahanati mbele yangu. Ya kahawia ipo kabatini imeandikwa jina lake. Ya bluu haijulikani. Kaniambia nilete nyingine kesho nimkabidhi yeye mkononi na mganga atakuwepo. Mahakamani ni Alhamisi, nitaenda na fotokopi vile vile.